Mama wa Udongo

Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini London, imo sanamu ya mwanamke mkulima wa Kifaransa, ameketi akimnyonyesha mtoto wake. Aliyeifanya, mwaka 1873, ni Jules Dalou, Mfaransa aliyekimbilia Uingereza mwaka 1871 baada ya maasi ya Paris kuvunjwa, asirudi kwao hadi 1879. Sanamu hiyo si ya jiwe wala ya shaba. Ni ya udongo uliochomwa, yaani ni jamaa ya mtungi.

Mnunuzi wa mtungi katika soko la Sondu, wanapokutana Wajaluo na Wakipsigis kwa biashara, huugonga kwa kidole asikie mlio wake, maana ufa usioonekana husikika. Adui wa mfinyanzi ni maji. Yakibaki ndani ya udongo mnene, moto huyageuza kuwa mvuke, na chombo hupasuka. Kwa sababu hiyo sanamu kubwa ya udongo huachwa tupu ndani. Yule mama wa Kifaransa, aonekanaye mzito, kumbe naye ni chombo!

Mfinyanzi wa Kijaluo hatumii gurudumu. Huujenga mtungi kwa mikono, huviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi ili iache nakshi, huuacha ukauke polepole, ndipo huuchoma mahali pa wazi. Kazi hiyo ni ya wanawake, nayo ina jambo la kustaajabisha. Ingrid Herbich, aliyewachunguza wafinyanzi hao na kuandika habari zao mwaka 1987, alionyesha kwamba kwa kawaida mwanamke hafundishwi na mama aliyemzaa, bali na mama mkwe, baada ya kuolewa na kuhamia kwa mumewe. Hivyo mtungi wake hufuata mtindo wa mahali alipoolewa, si wa alipozaliwa. Dalou aliufinyanga umama. Hapa mama mwenyewe ndiye anayefinyanga, na udongo humpatia binti wa pili.

Lakini mafunzo hayo yahitaji mke kijana akae nyumbani pamoja na mkwewe kwa muda mrefu. Siku hizi wengi huenda kufanya kazi mjini, na madumu ya plastiki hayavunjiki upesi. Hata hivyo dumu halina jasho. Mtungi hupenyeza maji kidogo kidogo hadi nje, nayo yakikauka huondoka na joto, ndiyo maana maji yake huwa baridi hata adhuhuri.