SOMO LA WANACHAMA: MASOMO YA MTANDAO NA MASOMO YA ANA KWA ANA



Chama cha msingi kinapopewa nafasi ya kumsomesha mweka hazina kwa njia ya mtandao, kamati huona unafuu mara moja: hapana nauli, hapana posho ya malazi. Lakini jambo hili halifai kuamuliwa kwa kutazama gharama peke yake. Mweka hazina asiyeelewa urari ni hasara kwa kila mwanachama aliyepima mazao yake ghalani. Basi na tuuulize utafiti: je, anayejifunza kwa mtandao huelewa sawa na anayeketi mbele ya mwalimu?

1. Yaliyochunguzwa
Mwaka 2010 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitoa taarifa kamili juu ya swali hili. Wachunguzi walipekua tafiti zaidi ya 1,000 za miaka 1996 hadi 2008, nazo zilizofaa kukokotolewa zilikuwa 45 tu. Kwa wastani, waliosoma kwa mtandao walifanya vizuri kidogo kuliko wa darasani. Faida ilionekana zaidi kwa waliochanganya njia zote mbili. Hata hivyo, taarifa hiyo ilitahadharisha kwamba mara nyingi waliochanganya walipewa pia muda zaidi na vifaa zaidi vya kusomea. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba mtandao wenyewe ndio uliowafaidisha.

Mtaalamu Richard Clark alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1983. Alifananisha chombo cha kufundishia na lori linaloleta chakula: si lori linaloleta siha, bali chakula kilichomo. Vivyo hivyo, somo lililopangwa vibaya litabaki vibaya, lisomwe darasani au katika simu.

2. Nani huachwa nyuma?
Wastani huficha mengi. Mwaka 2014 Di Xu na Shanna Jaggars walichapisha uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 40,000 wa vyuo vya jamii katika jimbo la Washington, Marekani. Matokeo ya masomo ya mtandao yalishuka kwa makundi yote, lakini walioshuka zaidi ni wale waliokuwa dhaifu tangu mwanzo, pamoja na vijana, wanaume na Wamarekani weusi. Hili ndilo la kuangaliwa na vyama vyetu. Ushirika haukuundwa kwa ajili ya wepesi wa kuelewa peke yao.

3. Tuliyojionea hapa nchini
Kujifunza mbali na mwalimu si jambo geni Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha watu wapatao milioni 2 kwa redio. Lakini redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Palikuwa na vijitabu, vikundi vya kusikiliza, na viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliofunzwa kazi hiyo. Watu walisikiliza, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Sauti ilitoka mbali, lakini mafunzo yalikamilika kikundini.

4. Kazi ya kamati
Kamati ikikubali masomo ya mtandao, na itimize haya:
(a) Asisome mtu mmoja peke yake. Wawe watatu au wanne, nao wakutane kila juma kwa saa maalumu.
(b) Awepo msimamizi wa kikundi, hata kama si mtaalamu, wa kuhakikisha hakuna anayekata tamaa kimyakimya.
(c) Kila somo lifuatiwe na zoezi katika daftari halisi la fedha la chama.
(d) Fedha iliyookolewa katika nauli isitumiwe yote kwingine. Sehemu yake imlete mwalimu chamani walau mara moja, awasahihishe wanafunzi ana kwa ana.
(e) Mwishoni, mwanafunzi aeleze mizania mbele ya wanachama. Akiweza kuwaeleza nao wakaelewa, amefuzu.

Maswali ya kujadili
1. Katika chama chenu, ni nani angeshindwa kuendelea na masomo ya simu, na kwa sababu gani?
2. Ni nani anayefaa kuwa msimamizi wa kikundi?
3. Mara ya mwisho mliposomewa hesabu katika mkutano mkuu, ni wanachama wangapi walizielewa?

Katibu anaombwa kulisoma somo hili katika mkutano ujao na kuandika majibu katika kumbukumbu za chama.