Kusuluhishana Ufukweni

Huenda wasomaji wetu wa pwani wakastaajabu tukiwapeleka Mfangano, kisiwa cha Wasuba katika Ziwa Viktoria. Huko, kama kwetu, ugomvi wa nyavu waweza kumwaga damu. Kwa kanuni za mwaka 2007, kila mwalo wa Kenya una kamati ya watu 9 hata 15: wenye mashua sehemu 30 katika mia, na mabaharia wao (huko huitwa baria) sehemu 30 vilevile, na wanawake wasipungue 3. Tazameni basi, ndugu zetu: tajiri na kibarua wake wamekaa kwa hesabu moja!

Makureshi walipogombea kuliweka Jiwe Jeusi, Mtume wetu (s.a.w.) alilitia nguoni, kila kabila likashika ncha, wakalinyanyua pamoja.

Kisiwani Migingo mambo yalikuwa mengine. Kenya na Uganda zilianza kupima mpaka mwaka 2009; wavuvi wakikamatwa, wakinyang'anywa samaki, huku wakubwa wakizungumza.

Na sisi je? Katika mabaraza ya wakfu, nani amemwita mpangaji, au mjane mwenye kudhulumiwa? Tumekaa humo miaka mingi, wala hatukumwita.