Urithi wa Mimea: Kwa Nini Mahindi Chotara Hayafai Kuwekwa Mbegu

Kila mwaka, mavuno yakiisha na kabla mvua za Machi na Aprili hazijaanza, mkulima wa Turbo katika Uasin Gishu huwa na shauri moja la kukata. Je, anunue mbegu mpya dukani, au achague mahindi mazuri yaliyomo ghalani mwake ayapande? Ekari moja yahitaji kilo 10 hivi za mbegu, na fedha za kuinunua hutakiwa wakati ule ule wa kununua mbolea na kulipa karo za watoto. Mahindi ya ghalani ni meupe, mazito na safi. Kwa macho hayana upungufu wowote. Lakini macho hayaoni yaliyomo ndani ya punje, na hapo ndipo elimu ya urithi, ambayo watoto hufundishwa shuleni katika somo la baiolojia, inapomfaa mzazi shambani.

Wahenga walisema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Neno hilo ni kweli, maana punje ya hindi haioti mtama. Lakini kila mzazi ajua pia kwamba watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani wote: mmoja ni mrefu, mwingine mfupi, na wa tatu amechukua sura ya babu yake. Mimea nayo ni vivyo hivyo.

Baba na mama wa punje

Mhindi una maua ya namna mbili. Shada lililo kileleni ndilo ua la kiume, nalo hutoa chavua, yaani ule unga wa manjano. Nywele zitokazo katika hindi changa ni za ua la kike, na kila unywele umefungamana na mahali pa punje moja. Upepo huchukua chavua na kuiangusha juu ya nywele, ndipo punje huanza kuumbika. Basi punje zote za hindi moja zina mama mmoja, lakini baba zao waweza kuwa wengi, na baadhi yao wako katika shamba la jirani.

Ushahidi wa jambo hili si mgumu kuupata. Mtu aliyepanda mahindi meupe karibu na mahindi ya manjano huona punje chache za manjano katikati ya nyeupe. Huo si ugonjwa wala uchawi. Ni chavua ya jirani.

Hesabu ya Mendel

Kanuni za urithi ziligunduliwa na mtawa mmoja, Gregor Mendel, katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno, katika nchi ya Cheki. Kuanzia mwaka 1856 hata 1863 alipanda njegere katika bustani ya watawa, akihesabu kila kizazi. Habari zake zilichapishwa mwaka 1866, lakini wataalamu hawakuzijali mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekwisha kufa.

Mendel alitambua kwamba kila tabia huongozwa na viini viwili, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Leo viini hivyo huitwa jeni. Jeni moja yaweza kuifunika nyingine. Alipochanganya njegere za mviringo na zile zenye makunyanzi, wana wote walikuwa wa mviringo. Alipowaacha wana hao wajizalishe wenyewe, alipata punje 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakupotea. Yalijificha kwa kizazi kimoja, kisha yakarudi.

Ile punje ya manjano katika hindi jeupe ina siri iyo hiyo. Ndani yake mna jeni moja ya rangi ya manjano na moja ya weupe. Ikipandwa, na mmea wake ukachavushwa kwa chavua yake wenyewe, punje tatu katika kila nne zitakuwa na umanjano, na moja itakuwa nyeupe.

Kazi iliyofanyika Kitale

Mwaka 1955, mtaalamu Michael Harrison alianza kazi ya kuboresha mahindi huko Kitale. Kwanza yalichaguliwa mahindi yaliyokuwa yakilimwa nchini, yakapatikana yale yaitwayo Kitale Synthetic. Kisha zililetwa mbegu za ng’ambo, na mojawapo ilikuwa Ecuador 573. Ndoa ya jamii hizi mbili, zilizokuwa zimetengana mbali, ndiyo iliyozaa mbegu chotara H611, ambayo wakulima walipewa mwaka 1964. Ilizidi mahindi ya Kitale kwa mavuno ya karibu asilimia 40.

Nguvu hiyo hutoka wapi? Jamii mbili zikiwa mbali, upungufu wa moja hufunikwa na uzuri wa nyingine. Katika mtoto, jeni nyingi hukaa jozi zisizofanana, na ile iliyo nzuri huilinda iliyo dhaifu.

Sasa tazama jozi moja tu, mimea hiyo chotara inapozaana yenyewe kwa yenyewe. Robo ya wana hupata jeni zote mbili za babu, robo hupata zote mbili za bibi, na nusu tu hubaki na mchanganyiko. Kwa hiyo, ikiwa wazazi wa kwanza walikuwa wa ukoo safi, karibu nusu ya ile faida ya uchotara hupotea mara moja. Shambani mkulima huona mmea mmoja mrefu ukiangushwa na upepo, wa pili mfupi, na wa tatu una hindi dogo. Mahindi yale ya ghalani ni chakula kizuri kabisa. Ila si mbegu nzuri.

Mazao yazaliwayo bila baba

Yako mazao ambayo hayana shida hii. Muhogo, viazi vitamu, miwa na migomba hupandwa kwa vipande au machipukizi, na mmea mpya huwa nakala ya mamaye. Nakala namna hiyo huitwa kloni. Wakulima wa Afrika walikuwa wakifanya hivyo zamani sana kabla kondoo aitwaye Dolly hajazaliwa Scotland mwaka 1996 kutokana na chembe ya kiwele cha kondoo mwingine. Lakini nakala ina hatari yake: ugonjwa unaouweza mmea mmoja waweza kuiangamiza yote. Tena mwenye kukata vipande vya muhogo wenye batobato hupanda ugonjwa pamoja na zao.

Kuhamisha jeni

Njia ya tatu ni kuitoa jeni katika kiumbe kimoja na kuitia katika kingine kwa mkono wa mtaalamu. Jeni ya bakteria wa udongoni imetiwa katika pamba na mahindi ili mmea uwadhuru viwavi. Serikali ya Kenya ilikubali pamba ya namna hii mwaka 2019. Vyakula vya namna hii vilipigwa marufuku kuingizwa nchini mwaka 2012. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 2022, na jambo hilo likafikishwa mahakamani. Haifai kuchanganya habari hii na ya chotara. H611 ilipatikana kwa ndoa ya mahindi na mahindi, chavua kwa unywele, wala si kwa kuhamisha jeni.

Yampasayo mkulima

Anayenunua mbegu chotara achague ifaayo nyanda za juu, kama zile za nambari za 600. Atazame pakiti iwe haijafunguliwa na iwe na kibandiko cha KEPHIS, akwangue nambari na kuihakikisha kwa simu. Tena aiweke pakiti pamoja na risiti, ili awe na ushahidi mbegu ikikosa kuota.

Asiyeweza kununua kila mwaka asipande wana wa chotara. Heri atafute mbegu isiyo chotara, ambayo huchavushwa na upepo na kuwekwa tena. Aipande mita 200 au zaidi mbali na mahindi mengine. Achague mbegu mimea ikiwa ingali imesimama, katikati ya shamba, kutoka kwa mimea mingi yenye afya, wala asingoje kuchagua ghalani.

Na mwenye shaka apande mstari mmoja wa mbegu mpya na mmoja wa mbegu ya ghalani, kwa mbolea ileile na siku ileile. Wanawe wa shule wahesabu mahindi na kuyapima wakati wa mavuno. Mizani ndiyo itakayokata shauri.