SOMO LA MWEZI: LIKIZO USIIUZE, CHAGUA UFUKWE UKAPUMZIKE

Wandugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Kila tawi ninalolitembelea huuliza swali moja: mwaka jana nani alichukua likizo akapumzika? Mikono inayoinuka ni michache. Mmoja husema aliiuza. Mwingine alikwenda kijijini kulima, wa tatu alikwenda kuzika. Hao wote walitumia likizo, lakini hawakupumzika.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa mtu wa mashine katika kiwanda fulani, na kwa miaka sita mfululizo nilitia sahihi, nikapokea fedha ya likizo, nikarudi kwenye mashine siku ileile. Mwaka wa sita, katika zamu ya usiku, nilisinzia nimesimama. Mashine ikakata ncha za vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto. Fedha za likizo sita zote hazikununua hata kidole kimoja. Ndiyo sababu leo nafundisha somo hili, ambalo wengine huliona ni la matajiri: jinsi mfanyakazi anavyoweza kuchagua mahali pepesi pa kupumzika kando ya maji, akiwa peke yake.

1. LIKIZO NI HAKI, SI ZAWADI

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 40, inataja mapumziko na likizo yenye malipo kuwa haki ya mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya 2006 inatoa hesabu: siku 7 kwa kila miezi 4 ya kazi isiyokatika, yaani siku 21 kwa mwaka, kwa mshahara kamili. Inamhusu aliyekwisha kufanya kazi miezi 6 kwa mwajiri mmoja, na ambaye kwa kawaida hufanya kazi saa 16 au zaidi kwa wiki. Tarehe hupangwa kwa kupatana kati yako na mwajiri. Kwa hiyo yeye asikuamulie peke yake, wala wewe usitoroke tu. Omba mapema kwa maandishi, ubaki na nakala.

Shikeni na neno hili: mapatano ya kuiacha likizo hiyo, hata kwa kulipwa fedha, ni batili mbele ya sheria. Karatasi zile sita nilizotia sahihi hazikuwa na nguvu yoyote, ila mimi sikujua.

Haki hii haikuanguka kutoka mbinguni. Nchini Ufaransa, mwaka 1936, wafanyakazi waligoma na kukaa ndani ya viwanda vyao mpaka ikapatikana sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo. Kiangazi kile wafanyakazi wengi waliona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza juu ya likizo yenye malipo.

2. KWA NINI PEKE YAKO?

Sisemi uitupe familia. Ukiwa na siku 21, siku 17 ni za nyumbani, shamba na wazee. Nasema siku nne tu ziwe za mwili wako. Ukienda na kundi utakunywa kama kundi linavyokunywa na kulala kundi likitaka kulala. Ukiwa peke yako, unalala mpaka mwili wenyewe uamke.

Watu watasema. Mke wangu aliniuliza, "Baba, huko ziwani unamfuata nani?" Sikukasirika. Niliketi naye, nikamwonyesha fedha, nikamtajia mahali na siku ya kurudi, nikamwachia namba ya simu ya nyumba ya wageni. Mwaka uliofuata alikwenda yeye kwa dada yake, mimi nikabaki na watoto. Haki ya kupumzika haina mume wala mke.

3. MASWALI MATANO KABLA YA KUCHAGUA

Kwanza, safari inakula siku ngapi? Kama unazo siku nne, na njia inakula siku mbili kwenda na mbili kurudi, hukupumzika, ulisafiri.

Pili, utabadilisha gari mara ngapi? Kila kituo ni nauli nyingine, mzigo mwingine na mwizi mwingine.

Tatu, fedha zatosha? Chukua mfano wa mtu anayeweka shilingi 15,000 kila mwezi katika kikundi cha akiba. Kwa mwaka ana 180,000. Azigawe: nauli 50,000, kulala usiku tatu 60,000, chakula 40,000, na 30,000 za dharura zisizoguswa. Huo ni mfano tu. Bei halisi uulize kabla ya kuondoka. Usikope kwa ajili ya kupumzika, maana deni halikuachi ulale.

Nne, maji yenyewe yakoje?

Tano, nani anajua uliko?

4. MAHALI PENYEWE

Entebbe. Ni kama kilomita 40 kutoka Kampala, teksi moja tu. Zipo fukwe za ziwa, ambazo sisi twaziita bichi, na ipo ile bustani ya miti iliyoanzishwa 1898, yenye kivuli kizuri hadi karibu na maji. Panamfaa mwenye siku moja au mbili. Lakini Jumapili na sikukuu pana muziki mkubwa na watu wengi, kwa hiyo nenda katikati ya wiki. Tena ukumbuke kwamba mwaka 2020 ziwa lilifurika likameza bichi nyingi za Entebbe na Ggaba. Uliza kwanza kama unayoikusudia iko wazi.

Visiwa vya Ssese. Hivi ni visiwa 84, na kikubwa ni Bugala, penye mji wa Kalangala. Hapa ndipo nilipokwenda mimi. Meli ya MV Kalangala ilianza kazi 2006, kutoka Nakiwogo, Entebbe, hadi Lutoboka, mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Ratiba yake ya kawaida ni kuondoka Nakiwogo saa nane mchana na kurudi kutoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Basi piga hesabu: unafika jioni, unaondoka asubuhi, kwa hiyo ukitaka siku mbili nzima za kupumzika lazima ulipie usiku tatu. Wengi hukosea hapo, fedha zikawaishia. Meli huwa na siku za matengenezo, basi uliza kabla. Njia ya pili ni kupitia Masaka hadi Bukakata, uvuke kwa kivuko hadi Luku.

Kule Lutoboka mchanga uko hatua chache kutoka gatini. Siku ya kwanza nililala mchana kutwa. Siku ya pili niliketi nikitazama wavuvi wakianika dagaa, ambao sisi twawaita mukene, na nikagundua kwamba masikio yangu yameacha kuvuma. Kwa miaka sita nilidhani mvumo ule ni wa kiwandani, kumbe niliubeba mpaka nyumbani.

Bunyonyi. Ndugu wa mashamba ya chai ya Bushenyi na Kabale hawana haja ya kuja huku kwetu. Ziwa Bunyonyi liko karibu nao, limetulia, na hakuna viboko. Lakini kina chake ni kirefu sana na usiku ni baridi. Chukua sweta, na kama hujui kuogelea, maji uyatazame tu.

Mombasa. Hii ndiyo bahari yenyewe, na Kiswahili chako kitakufaa kuliko mahali pengine. Mganda huingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Basi hadi Nairobi hula usiku mzima, halafu kuna treni ya Nairobi hadi Mombasa iliyoanza 2017. Ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta, upande wa Bamburi, ni wa watu wote, na kivuko cha Likoni hakimtozi mtu wa miguu. Epuka Aprili na Mei, miezi ya masika. Uwaulize wenyeji saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuingia. Mwenye siku chini ya nane asiende huko. Aweke akiba, aende mwaka mwingine.

Mahali pepesi si lazima pawe mahali pazuri kuliko pote. Ni pale unapofika bila kuchoka na kurudi bila deni.

5. MAJI HAYACHEKI NA MTU

Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe MV Templar ilizama ziwani upande wa Mukono, ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa wamekwenda kustarehe kama wewe. Kwa hiyo:

(a) Usipande chombo kilichojaa, hata kama umekwisha kulipa. Nauli hupatikana tena.
(b) Vaa koti la kuelea tangu mwanzo. Dhoruba ya Nalubaale huja ghafla, na hapo hutapata nafasi ya kulitafuta.
(c) Usiogelee ukiwa umelewa, wala usiogelee peke yako pasipo na mtu wa kukuona.
(d) Usisimame kwenye maji ya nyasi ukingoni. Ndimo wanamokaa konokono wa kichocho, na wadudu wake hupenya ngozini. Ukiwa umeingia ziwani, baada ya wiki kadhaa nenda zahanati ukapimwe. Dawa ipo, nayo inaitwa prazikwanteli.
(e) Uliza wenyeji juu ya mamba na viboko. Mwenyeji hasemi uongo juu ya mamba.

Kwa dada zetu: fika mchana, chagua nyumba ya wageni ambayo mfanyakazi mwenzako aliwahi kulala, kagua kufuli kabla ya kulipa, na mtu asikulazimishe kueleza kwa nini uko peke yako. Sema "nimo likizoni," inatosha.

6. MWISHO

Mwajiri huizima mashine yake ili ipakwe mafuta. Hafanyi hivyo kwa kuihurumia, ila anajua isipopumzika itavunjika. Wewe huna kipuri dukani. Vidole vyangu viwili ni ushahidi.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Katika tawi letu, wangapi walichukua siku zao 21 mwaka jana? Mwakilishi aandike hesabu.
2. Nani ametia sahihi karatasi ya kuuza likizo? Ailete kwa katibu.
3. Je, twaweza kuanzisha kikundi cha akiba ya likizo, kila mwezi kiasi tunachoweza?
4. Kila mmoja ataje mahali pamoja alipopumzika, nauli aliyolipa na mwaka wenyewe, tutengeneze orodha yetu.

Umoja ni nguvu, na mwenye nguvu ni yule aliyelala.