Kabla Hujamtumia Mteja Redio ya Gari la Zamani, Muulize Maswali Haya Matano

Somo la leo ni refu kidogo, ila lisome mpaka mwisho hata kama wewe unauza mikoba au vyombo vya jikoni. Mimi nauza mtandaoni redio za gari, spika, taa na vifaa vidogo vidogo vya umeme wa magari. Shule niliishia kidato cha nne. Umeme nimejifunza kwa kukaa na mafundi gereji na kuunguza vitu vyangu mwenyewe. Tatizo lilikuja siku niliposababisha kuungua kitu cha mteja.

Mwaka juzi mzee mmoja wa Moshi alinitafuta WhatsApp. Akaniandikia: "Kijana wangu, nataka redio ya Bluetooth na spika mbili za kuweka kwenye Land Rover. Gari lilikuwa la marehemu baba, nalifufua kwa ajili ya harusi ya binti yangu."

Nikamjibu kama tunavyojibu wengi wetu: "Shikamoo mzee. Ipo. Redio 80,000, spika 50,000, nauli ya basi juu yangu." Mzee akatuma hela, nikafunga mzigo, jioni uko kwenye basi. Maongezi yote hayakufika dakika kumi. Nilijiona mkali wa kuuza.

Siku ya tatu simu ikaita. "Kijana, redio yako nusura iniunguzie gari."

Unajua nilichojibu? "Mzee, redio ilitoka hapa ikiwa nzima, fundi wako ndiye kakosea." Mzee hakugombana na mimi. Alinitumia picha ya betri tu. Nikaikuza ile picha na jasho likanitoka: waya wa chanya (+) ndio uliokuwa umefungwa kwenye bodi ya gari.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana hapa ndipo somo lilipo.

Kwenye magari mengi tunayoyaona barabarani leo, hasi (-) ya betri inafungwa kwenye bodi. Bodi nzima inakuwa hasi, na mafundi wanaiita athi. Redio zote za kisasa zimetengenezwa kwa mpango huo: waya mweusi unaenda kwenye bodi, mwekundu na wa njano zinaenda kwenye chanya. Lakini magari mengi ya Uingereza ya zamani, zikiwemo Land Rover za mwanzo hadi katikati ya miaka ya 1960, yalitoka kiwandani kinyume chake. Chanya ndiyo iko kwenye bodi.

Fundi wa mzee alifunga kama anavyofunga kwenye Toyota. Redio ikapata umeme kinyume, fyuzi ikakata. Akaweka nyingine, ikakata. Mara ya tatu akaweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Moshi ukatoka nyuma ya deshibodi, na nyaya za kale zilizovikwa mpira na kitambaa zikaanza kuyeyuka. Mzee ndiye aliyekimbilia spana akafungua kichwa cha betri. Angechelewa kidogo, gari la baba yake lingebaki chuma.

Fundi alikosea? Ndiyo. Lakini mimi niliambiwa neno "Land Rover" na neno "marehemu baba", na sikuuliza swali hata moja. Nilirudisha 80,000 ya redio, nikachangia 40,000 ya kubadilisha nyaya. Faida yangu kwenye mzigo ule ilikuwa 25,000. Piga hesabu: nilibaki na hasara ya 95,000, yaani karibu faida ya mizigo minne. Na harusi ikafika, bibi harusi akapanda gari la babu yake bila muziki.

Tangu siku hiyo sitoi bei ya kitu cha gari la zamani kabla sijauliza haya.

1. Ni gari gani, la mwaka gani, na betri yake ni ya volti ngapi?

Usidhani kila gari ni volti 12. Volkswagen Beetle nyingi za kabla ya 1967 zilitoka na volti 6. Redio ya volti 12 ukiipeleka huko haitafanya kazi, na mteja atasema umemuuzia kitu kibovu. Wengi wameshabadilisha kwenda volti 12, kwa hiyo usibishane, omba picha ya betri. Peugeot 504, iliyoanza kutengenezwa 1968, kwa kawaida haina shida hiyo: ni volti 12 na hasi iko kwenye bodi. Ila gari likishapita mikono mitano huwezi jua, picha ndiyo itakuambia.

2. Waya upi wa betri umefungwa kwenye bodi?

Hili ndilo swali lililonila 95,000. Ikiwa ni chanya, mwambie mteja ukweli: redio hii haifungwi hivi hivi. Njia ambayo mafundi wengi wanaipenda ni kugeuza mfumo wa gari zima uwe hasi kwenye bodi. Si kugeuza vichwa vya betri tu na kuondoka. Dainamo lazima igeuzwe sumaku yake, mita ya ampia ibadilishwe nyaya, na nyaya ndogo za koili zigeuzwe pia. Kama gari limeshawekwa alteneta, betri ikifungwa kinyume hata kidogo tu, daiodi za ndani zinaungua. Hii ni kazi ya fundi umeme anayeyajua magari ya zamani. Wewe muuzaji kazi yako ni kusema mapema.

3. Linatumia dainamo au alteneta?

Hapa ndipo tunapowauzia watu amplifaya zisizowafaa. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Uingereza ya wakati ule, inatoa takriban ampia 22 ikiwa nzima na injini inazunguka vizuri. Gari likisimama kwenye foleni, injini ikiwa chini, inatoa kidogo sana.

Fanya hesabu ya usiku wa mvua. Taa mbili kubwa za wati 60 ni wati 120. Gawanya kwa volti 12, unapata ampia 10. Ongeza taa za nyuma, koili na waipa, unakaribia ampia 20. Redio ya kawaida kwa sauti ya wastani inaweza kupita hapo. Amplifaya kubwa haipiti, itanyonya betri mpaka gari lizime njiani. Mteja anayetaka muziki mzito aanze na alteneta.

Na hapo hapo: usisome wati zilizoandikwa kwenye boksi. Boksi linasema 1000W. Geuza amplifaya uangalie fyuzi yake. Ikiwa fyuzi ni ya ampia 20, zidisha kwa volti 12: ni wati 240 tu zinazoingia, na zinazofika kwenye spika ni pungufu ya hapo kwa sababu nyingine zinapotea kama joto. Mimi siku hizi naandika namba ya fyuzi kwenye posti yangu. Mwanzoni niliogopa kwamba wateja watakimbilia kwa wanaoandika 1000W. Wengine wamekimbia kweli. Ila waliobaki hawarudishi mizigo.

4. Nafasi ya redio ikoje, na mwenye gari yuko tayari deshibodi ikatwe?

Redio ya kawaida ya leo inahitaji tundu la takriban milimita 182 kwa 53. Magari mengi ya zamani yana tundu dogo lenye nafasi ya vishikio viwili vya kuzungusha, mengine hayana tundu kabisa. Fundi mwenye haraka atashika msumeno. Ukishakata deshibodi ya chuma ya gari la mwaka 1965, hairudi tena, na thamani ya gari imeshuka.

Kwa hiyo mpe mteja njia nyingine. Kuna amplifaya ndogo yenye Bluetooth ambayo inafichwa chini ya kiti, na mtu anachagua nyimbo kwa simu. Spika zinakaa kwenye boksi lake nyuma ya kiti bila kutoboa mlango. Soketi ya USB ya kuchajia simu inafichwa chini ya deshibodi. Gari linabaki na sura yake ya zamani, muziki upo. Mara nyingi hiki ndicho mteja alichokuwa anakitaka, ila yeye anajua neno moja tu, "redio".

5. Gari linatembea kila siku au linalala?

Magari haya mengi yanatoka kwenye harusi na kwenye matamasha, kama lile la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024. Siku nyingine yamelala. Sasa waya wa njano wa redio unakula umeme muda wote ili kutunza kumbukumbu. Ni kidogo, lakini ongeza alamu na kifaa cha kufuatilia gari. Tuseme vyote pamoja vinakula miliampia 50. Kwa siku ni ampia-saa 1.2, kwa siku 30 ni 36. Betri ya ampia-saa 60 imeshapoteza zaidi ya nusu, na gari haliwaki siku ya harusi. Dawa yake ni swichi ya kukata betri. Ni kitu cha bei ndogo, na wewe unacho dukani. Muuzie kwa sababu anakihitaji.

Na ndani ya mzigo weka nini?

Mimi sasa kila oda ya gari la zamani inaenda na vitu hivi:

– Fyuzi na kishikio chake, pamoja na karatasi inayosema: "Weka karibu na betri kadiri inavyowezekana. Fyuzi ikikata mara mbili, acha, tafuta sababu. Usiweke waya."
– Vipira vya kupitishia nyaya kwenye chuma, ili ukingo wa bodi usichubue waya.
– Maelezo kwamba nyaya zote mbili za spika zinarudi kwenye redio, hakuna wa kufunga kwenye bodi.
– Kwa anayenunua taa zenye nguvu zaidi, relei. Swichi ya zamani haikutengenezwa kubeba umeme wote ule, lakini ikiwasha relei tu, relei ndiyo inabeba mzigo.
– Kwa anayenunua taa za LED za indiketa, flasha ya kielektroniki. Ile ya zamani ikikutana na taa zinazokula umeme kidogo, haipepesi sawasawa au haifanyi kazi kabisa.

Vitu hivi vidogo vinaniongezea gharama kiasi kwa mzigo, na nimeviingiza kwenye bei waziwazi. Mteja nikimweleza kwa nini, wengi hawalalamiki.

Ujumbe ninaoutumia, uchukue ubadilishe:

"Asante kwa kunitafuta. Kabla sijakupa bei naomba vitu vitatu: picha ya betri ikionyesha nyaya zote mbili, picha ya deshibodi, na uniambie gari ni la mwaka gani na unalitumia kila siku au mara moja moja. Nataka nikutumie kitakachofungika, nisije nikakupa hasara."

Wapo watakaosema unawasumbua. Mmoja aliniandikia, "Wewe unauza au unapeleleza?" Akanunua kwingine. Sawa. Oda zangu zimekuwa za taratibu zaidi kuliko zamani, siwezi kukudanganya. Lakini simu za asubuhi za "redio yako" zimekwisha.

Wewe unayeuza viatu, swali lako la betri ni urefu wa mguu kwa sentimita. Unayeuza feni, ni kama nyumba inatumia umeme wa gridi au wa sola. Kila bidhaa ina swali moja ambalo usipouliza, mzigo utarudi au utaharibu kitu cha watu. Litafute la kwako leo, liandike kwenye daftari, liulize kabla ya kutaja bei.

Yule mzee hajawahi kununua tena kwangu. Niliporudisha hela alijibu, "Nimepokea, asante," basi. Ila fundi aliyekuja kugeuza mfumo wa lile gari alichukua namba yangu kutoka kwake, na sasa huniagizia vifaa karibu kila mwezi. Oda yake ya kwanza ilianza hivi: "Mzee kaniambia wewe ulikubali kosa. Nitumie picha ya fyuzi ya hiyo amplifaya."

Hifadhi hili somo, na mtumie mwenzako anayeuza vitu vya umeme. Tukutane kwenye somo lijalo.