Zawadi tatu za kushona kwa mkono: kibana nywele, kifuko na sodo ya kitambaa

Likizo ya Novemba na Desemba ndiyo ndefu zaidi katika kalenda ya shule za Kenya, na ndiyo msimu wa kupeana zawadi. Ni pia kipindi ambacho baadhi ya wasichana hukosa sodo. Kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya Msingi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, serikali ina wajibu wa kuwapa sodo bila malipo wasichana waliobaleghe na waliosajiliwa katika shule za umma. Sodo hizo huwafikia wakiwa shuleni. Lango likifungwa, msichana hutegemea pesa za nyumbani. Januari inapobisha hodi na mahitaji yake ya sare na vitabu, mara nyingi pakiti ya sodo huwekwa mwisho wa orodha.

Somo hili linaeleza namna msichana wa miaka 12 na kuendelea anavyoweza kushona zawadi tatu kwa mkono, bila cherehani. Zimepangwa kutoka iliyo rahisi hadi iliyo ngumu, na anayemaliza ya kwanza tayari amejifunza mshono wa kutengeneza ya pili. Zikiwekwa pamoja, ni zawadi kamili ya dada, binamu au rafiki, na inaweza kumsaidia asikose masomo shule zitakapofunguliwa.

Vifaa

Vinavyohitajika ni sindano, uzi imara, mkasi, rula, kipande cha chaki, pini chache na lastiki nyembamba. Vitambaa si lazima vinunuliwe. Mafundi wengi wa nguo hubaki na vipande ambavyo huishia kwenye taka, na leso iliyozeeka bila kutoboka hufaa sana kwa kuwa imelainika.

Kwa sodo, kitambaa ni lazima kiwe cha pamba, kwa sababu pamba hunyonya maji na kupitisha hewa. Kuna vitenge vinavyoonekana kama pamba ilhali ni poliesta. Njia ya kupima ni kuvuta nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni na kuzichoma kwa kiberiti, mtu mzima akiwepo. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Kabla ya kukata, fua kila kitambaa kwa sabuni na ukianike juani, ili kinachoruka kiruke na kinachochuja rangi kichuje mapema.

Mishono miwili ya kujifunza kwanza

Mshono wa kupiga bandi ni ule wa sindano kuingia na kutoka kwa hatua fupi zinazolingana. Ni mwepesi, nao hutumika kushikiza vitambaa pamoja.

Mshono wa kurudi nyuma ni imara zaidi. Sindano ikitoka mbele, huirudisha nyuma hadi mwisho wa hatua iliyopita, kisha hutokezea mbele tena. Hatua zisizidi nusu sentimita. Huu ndio wa sehemu zinazovutwa au kufuliwa mara kwa mara. Fanya mazoezi kwenye kipande kisicho na kazi hadi mstari unyooke.

Zawadi ya kwanza: kibana nywele

Kata ukanda wa kitambaa wenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 10. Ukunje kwa urefu, upande wa maua ukiwa ndani, na ushone ukingo mrefu kwa mshono wa kurudi nyuma. Geuza ukanda huo ili maua yatoke nje. Pini ya kufungia iliyochomekwa upande mmoja na kusukumwa ndani hurahisisha kazi. Pitisha lastiki ya sentimita 20, funga fundo imara, kisha ingiza ncha moja ya ukanda ndani ya nyingine na ushone.

Anayeanza huchukua kama saa moja. Kabla ya kuchagua rangi, uliza shule ya anayepewa inaruhusu ipi.

Zawadi ya pili: kifuko cha kamba

Kata kitambaa chenye upana wa sentimita 25 na urefu wa sentimita 50. Kikiwa cha leso, kinaweza kukatwa ili neno moja au mawili ya jina la leso yaonekane mbele. Wanaofahamu leso huchagua maneno kulingana na anayepewa.

Katika kila kona kati ya zile nne, kunja ukingo wa pembeni ndani kwa sentimita 1, kwa urefu wa sentimita 5, na upige bandi. Kisha kwenye kila mwisho wa upande mrefu, kunja pindo la sentimita 1, ulikunje tena kwa sentimita 2.5, na ushone chini yake. Hiyo ndiyo njia ya kamba. Sasa kunja kitambaa katikati, maua yakiwa ndani, na ushone mbavu zote mbili kwa mshono wa kurudi nyuma, kuanzia chini hadi chini kidogo ya njia ya kamba. Usizibe njia yenyewe. Geuza kifuko, pitisha kamba ya sentimita 70 katika njia zote mbili na ufunge ncha zake pamoja.

Kifuko hiki hubeba sodo, chupi ya akiba na kipande cha sabuni bila mtu kujua kilichomo.

Zawadi ya tatu: sodo ya kitambaa

Anza na kielelezo cha karatasi ya gazeti. Chora umbo lenye urefu wa sentimita 25 na upana wa sentimita 9, ncha zote mbili ziwe za mviringo. Katikati ya kila ubavu ongeza bawa lenye upana wa sentimita 7, lililotokeza sentimita 5.5. Mabawa hukunjwa chini ya chupi ili sodo isisogee.

Kwa kielelezo hicho, kata vipande viwili vya pamba. Kisha kata vipande vinne vya kunyonya, kila kimoja sentimita 20 kwa 6: viwili vya taulo ya pamba na viwili vya fulana ya pamba.

Panga vile vinne pamoja na uvipigie bandi katikati ya kipande kimoja cha umbo, upande usio na maua. Lazia kipande cha pili juu, maua ya vyote viwili yakitazamana, na uzungushe mshono wa kurudi nyuma, sentimita 1 kutoka ukingoni. Acha mwanya wa sentimita 6 kwenye ncha moja. Pale bawa linapokutana na ubavu, kata mkato mdogo bila kugusa uzi, la sivyo kona zitavutana. Geuza sodo kupitia ule mwanya, uzibe, na upige bandi kuzunguka ukingo wote. Mwisho, weka kifungo cha kubonyeza kwenye ncha za mabawa, nusu moja kila upande.

Usiweke karatasi ya plastiki ndani. Huzuia hewa, na joto na unyevu huweza kuwasha ngozi.

Kuitunza

Sodo ya kitambaa ni salama ikiwa safi na kavu. Anayeitoa kama zawadi aeleze mambo haya, au ayaandike kwenye karatasi na kuiweka ndani ya kifuko:

Ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema ikilowa. Kwa hiyo sodo moja haitoshi siku ya shule. Zawadi nzuri ni ya sodo tatu au zaidi.

Iloekwe katika maji baridi kwanza, kwa kuwa maji moto hugandisha doa la damu. Kisha ifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa hadi maji yatoke safi.

Ianikwe juani hadi ikauke kabisa. Wasichana wengi huficha sodo chini ya godoro au nyuma ya kabati kwa kuona haya, na hapo ndipo hubaki na unyevu. Ikianikwa kwenye kamba pamoja na nguo nyingine, huonekana kama kitambaa cha kawaida.

Isitumiwe na watu wawili. Ikichanika au ikipata harufu isiyotoka, itupwe.

Msichana akiwashwa, akitokwa na uchafu wenye harufu mbaya, akiumwa sana na tumbo, au damu ikiwa nyingi kuliko kawaida yake, apelekwe zahanati au aonane na mhudumu wa afya ya jamii. Hilo si jambo la kungoja shule zifunguliwe.

Kwa wazazi na walezi

Kushona sodo si kazi ya mama peke yake. Baba anayenunua lastiki na vifungo, au kaka anayesaidia kuchora kielelezo, humwonyesha msichana kwamba hedhi si aibu. Wavulana nao wanaweza kuanza na kibana nywele, kwani kutia kifungo kilichong'oka kwenye shati ni ujuzi unaomfaa kila mwanafunzi.

Sodo ya kitambaa haiondoi haki ya msichana ya kupata sodo anaporudi shuleni. Mzazi ambaye binti yake yuko katika shule ya umma na hajapokea anaweza kumuuliza mwalimu mkuu. Ile ya kitambaa ni ya likizo, ya dharura, na ya rafiki ambaye hana la kusema mwezi unapomkuta mikono mitupu.