Mafunzo Manne Niliyopata Nikiwa Mkunga Nansio

Kazi ya ukunga hapa Ukerewe imenifundisha kumjali mtoto tangu siku ambazo mama yake hajajua kuwa ana mimba.

1. Kondo la nyuma ni la mtoto. Nikilikagua baada ya kujifungua, nakumbuka kuwa limejengwa na seli za mimba yenyewe. Ndilo lililompa mtoto hewa na chakula na kumwondolea taka.

2. Homoni inahitaji mpokeaji. Projesteroni hutuliza mfuko wa uzazi, lakini haifanyi kazi mpaka ishikwe na kipokezi chake ndani ya seli. Hapo kipokezi huishika DNA na kuwasha au kuzima jeni. Binadamu ana vipokezi 48 vya jamii hii, viitwavyo vipokezi vya kiini.

3. Chakula nacho hutoa amri. Mwili hugeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, ambayo kupitia vipokezi vya jamii hiyohiyo huongoza uumbaji wa moyo, macho na uti wa mgongo. Moyo huanza kudunda karibu siku ya 22 tangu mimba kutungwa, wakati wajawazito wengi hawajafika kliniki. Ndiyo maana nawahimiza wasichana wale dagaa wazima na viazi lishe vya rangi ya chungwa mapema. Kuzidisha nako huharibu mimba changa: dozi ya matone ya vitamini A ya watoto ina yuniti 100,000 au 200,000, na mjamzito hapaswi kuzidisha yuniti 10,000 za vidonge kwa siku. Asiyatumie matone hayo.

4. Kondo likiharibika, moyo huumia. Mwaka 1999 watafiti walieleza kuwa vijusi vya panya visivyo na kipokezi cha kiini kiitwacho PPAR-gama hufa karibu siku ya 10, kondo na moyo vikiwa na kasoro. Walipovipa kondo lenye kipokezi hicho, moyo ulijengeka vizuri. Tangu nilipolifahamu hilo, malaria ya mjamzito inanitia hofu zaidi, kwa kuwa vimelea hujificha kwenye kondo hata pale kipimo cha damu ya kidole kinaposema hakuna kitu. Chandarua kila usiku, na dawa ya SP ya kuzuia malaria kuanzia wiki ya 13 kwa maelekezo ya kliniki, hulilinda kondo.

Dada, ukikosa siku zako, usisubiri tumbo lionekane. Njoo kabla ya wiki ya 12, na mwenzi wako aje nawe.